Kuwapeleka Watoto Yas kutoka Malindi: Tarehe Kwanza, Tiketi Baadaye

Tangu turudi kutoka Abu Dhabi simu yangu haipumziki. Wazazi wa Barani, wa Shella, hata wa Mambrui ambao tulikuwa tukionana harusini tu, wote wanataka kujua jambo moja: tiketi za bustani za burudani za Yas ni shilingi ngapi? Nami huwauliza: mnakwenda mwezi gani? Bei ya tiketi utaiona kwenye tovuti ya bustani yenyewe kabla chai yako haijapoa. Tarehe ndiyo inayoamua kama mtoto atapanda michezo chungu nzima au atashinda kwenye foleni akililia maji.

Kwa asiyepajua, Yas ni kisiwa cha Abu Dhabi, mwendo wa saa moja hivi kwa gari ukitoka Dubai. Bustani zake za burudani zimejengwa karibu karibu: Ferrari World iliyofunguliwa 2010, Yas Waterworld ya 2013, Warner Bros. World ya 2018 na SeaWorld ya 2023. Lipo basi la bure, Yas Express, linalopita kwenye bustani na hoteli za hapo kisiwani. Disney nao walitangaza Mei 2025 kwamba watajenga bustani yao hapo hapo, lakini bado haijafunguliwa, kwa hiyo anayekuuzia tiketi ya Disney ya Abu Dhabi leo anakuuzia upepo.

Sasa turudi kwenye kalenda. Shule zetu zina likizo ya Aprili, ya Agosti, na ile ndefu inayoanza Oktoba ikiisha au Novemba ikianza. Wengi hukimbilia Agosti. Agosti ya huku ni kusi, upepo na baridi kidogo usiku; ya kule joto hupita nyuzi 40 na jasho halikauki. Kama likizo ya kazini huipati ila Agosti, nenda, lakini chagua bustani zilizo ndani ya majengo. Warner Bros. World yote iko ndani, na Ferrari World sehemu kubwa iko chini ya lile paa jekundu. Bustani ya maji, Yas Waterworld, mtaiweza, ila kwa kukimbia kutoka kivuli hadi kivuli na miguu ikiungua.

Ningekuwa wewe ningekwenda Novemba. Joto limeshuka, sisi tumefunga shule na wao bado wanasoma, maana likizo yao ya majira ya baridi huja Desemba. Hiyo nafasi ni dhahabu kwa Wakenya na wengi hatuitumii. Angalia mtego mmoja tu. Mbio za magari za Formula 1 hufanyika kwenye uwanja wa Yas Marina kila mwaka tangu 2009, mwisho wa Novemba au mwanzo wa Desemba, na wikendi hiyo hoteli za kisiwani hupandisha bei bila haya. Kabla ya kulipa chochote, tazama mbio za mwaka wenu zimepangwa lini, kisha zikwepe. Tarehe 2 na 3 Desemba ni sikukuu yao ya taifa, nchi nzima iko nje na watoto. Nusu ya pili ya Desemba ndiyo imejaa kabisa. Ramadhani bustani hubadilisha saa za kufungua, na Idi ni msongamano mtupu.

Ndani ya wiki pia kuna siku za kuchagua. Tangu Januari 2022 wikendi yao ni Jumamosi na Jumapili, na Ijumaa wengi hutoka kazini mchana. Siku za bustani ziwe Jumatatu hadi Alhamisi, na wikendi muwape jamaa. Hilo la jamaa nitalifikia, maana lina mambo yake.

Tarehe ikishapatikana, chukua futi ya fundi cherehani umpime kila mtoto, bila viatu, akiwa ameegemea mlango. Michezo mingi ina kimo chake, na mfanyakazi wa mlangoni ana kijiti cha kupimia. Akipungua sentimita mbili, amepungua, na kumbembeleza yule kijana wa watu ni kumwonea tu. Vimo vyote vimeandikwa kwenye tovuti za bustani. Kaeni na watoto mtazame mmoja mmoja: hii utapanda, hii hutapanda mpaka ukue. Mtoto alie Malindi, akiwa na bibi yake karibu wa kumtuliza, kuliko alie mbele ya foleni ya watu wazima.

Kwetu ugomvi ulikuwa juu ya Formula Rossa, ile rola kosta ya Ferrari World, yaani kigari cha kasi kinachopanda na kushuka kwenye reli. Ilipofunguliwa ilikuwa ya kasi kuliko zote duniani, kilomita 240 kwa saa, na abiria huvaa miwani ya kukinga macho dhidi ya mchanga. Mkubwa wangu alikuwa ameiota tangu nyumbani. Mdogo wake akataka naye, kwa sababu tu mkubwa anakwenda. Futi ikaamua, na hakuna aliyeweza kusema mama anapendelea.

Kwa michezo ya wakubwa, wazazi mpokezane: mmoja apande, mwingine abaki na mdogo, kisha mbadilishane. Ulizeni mlangoni kama wana utaratibu wa kumwingiza mzazi wa pili bila kupiga foleni upya. Tiketi za kuruka foleni zinauzwa pia, na bei yake si rahisi. Siku ya kazi ya Novemba sioni haja yake. Desemba ningekaa nikafikiri.

Kama humjui mtoto wako mbele ya mteremko, mpeleke kwanza Wild Waters, bustani ya maji pale Nyali, Mombasa. Nauli ya matatu kutoka Malindi ni ndogo kuliko kugundua Abu Dhabi kwamba anaogopa kuteleza. Watoto wetu wa pwani wana kiburi cha bahari. Wanajiona wavuvi. Lakini kuogelea maji yanapotoka ni kitu kimoja, na kushushwa kwenye bomba la giza ni kingine.

Bustani moja kwa siku. Tovuti zitakushawishi kwa tiketi za bustani mbili au tatu, na kweli kwa kila bustani bei hushuka, ila itumie kwa siku tofauti ikiwa masharti yanaruhusu. Familia yenye mtoto wa chekechea na bibi mwenye magoti mabovu haiingii bustani mbili siku moja. Inaingia moja, inapumzika saa saba mchana, inaswali, inarudi. Sehemu za kuswalia zipo, wanaume na wanawake mbalimbali, na nyama ni halali, kwa hiyo bibi yenu hatakuwa na hofu ya kula.

Mkiwa na wadogo, anzeni na Warner. Upande wa Cartoon Junction ni wao, na upande wa Gotham, wa Batman, una giza na makelele ambayo mdogo wangu aliyakataa katakata. Ikiwa watoto wote wako chini ya miaka kumi, nawaambia kweli: fikirieni Legoland ya Dubai badala ya Ferrari World. Imekusudiwa watoto wa miaka 2 hadi 12, na hutalipia rola kosta ambazo hakuna atakayezipanda. Asubuhi bustani ikifunguliwa, msisimame kupiga picha mlangoni. Nendeni moja kwa moja kwenye mchezo mnaoutaka zaidi, mrudi kwenye picha baadaye watu wakishatawanyika. Na kumbukeni saa ya kule iko mbele ya yetu kwa saa moja. Watoto wakiamka saa kumi na mbili kwa mwili wa Malindi, kule ni saa moja.

Makaratasi sitayarefusha. Kila mtoto awe na pasipoti yake, hata wa kunyonya, na iwe na miezi sita au zaidi ya uhai kuanzia siku ya safari. Maombi yanaanzia eCitizen na yanahitaji cheti cha kuzaliwa, kwa hiyo kama jina la cheti halilingani na la shule, shughulikieni hilo mapema kabisa. Mkenya anahitaji viza ya Falme za Kiarabu, nchi yenye Abu Dhabi na Dubai, kabla ya kupanda ndege. Mzazi akisafiri peke yake na watoto abebe barua ya ridhaa ya mwenzake. Dawa zibaki kwenye pakiti zake pamoja na karatasi ya daktari, na zenye kodeini au tramadoli ziacheni nyumbani, maana sheria ya kule haina mchezo. Miraa na muguka vilevile, hata jani moja lililosahaulika mfukoni mwa ami. Kagueni mifuko ya makoti.

Kuna watu wanaosema ni mbali. Mji wetu wa Malindi ulimpeleka twiga China mwaka 1415, tena kwa merikebu. Watoto wataweza kukaa kwenye ndege. Zipo ndege za moja kwa moja kutoka Mombasa hadi Dubai, na nyingi zaidi kutoka Nairobi, kama saa tano angani. Ukitokea Mombasa, adui yako ni barabara. Mtwapa hujifunga bila taarifa, kisha kuna daraja la Nyali, kisha Changamwe. Sisi tulikwenda Mombasa siku iliyotangulia tukalala kwa jamaa, na nisingefanya vingine nikiwa na watoto.

Haya, jamaa. Sijui nyumba ya Malindi isiyokuwa na mtu Ghuba. Ukisema tu unakwenda, utapigiwa simu: mnafikia kwangu, hoteli ya nini? Moyo mzuri. Lakini jamaa wengi wako Deira, mtaa wa Dubai, au mji jirani wa Sharjah, na ukilala Sharjah ukaamka kwenda Yas umemaliza asubuhi yote barabarani, kwani foleni ya Sharjah na Dubai inajulikana. Nauli za familia nzima, kwenda na kurudi, zinakaribia bei ya chumba cha kawaida kisiwani. Ushauri wangu ni kugawa: siku za bustani mlale Yas, kisha mhamie kwa jamaa. Ila namna ya kulisema ndiyo kazi. Usimwandikie shangazi ujumbe mfupi kwamba mmekata hoteli. Mpigie, mtake ushauri wake, umwambie wikendi yote ni yake na watoto watalala kwake. Mchukulie mabuyu, achari ya embe na halua. Shangazi wa baba watoto alinuna kwa dakika chache, kisha akaanza kupanga atapika nini Ijumaa.

Mavazi yanataka kufikiriwa. Wengi hufungasha kwa ajili ya joto, na ndani ya bustani zilizofunikwa kiyoyozi kinavuma kama friji ya samaki. Kila mtoto awe na sweta, na bibi awe na leso mbili, ya kujifunika na ya kuwafunika wajukuu watakaosinzia. Kinamama wa buibui, kwenye michezo ya kasi chochote kinachopepea kinaweza kukataliwa. Vaeni suruali pana na kanzu fupi chini ya buibui, na kichwani hijabu ya kuvuta isiyo na pini wala ncha ndefu. Bustani ya maji inakubali burkini, mradi iwe ya kitambaa cha kuogelea. Dera la pamba halitakubalika majini. Chaja msihangaike, soketi zao ni kama zetu.

Pesa: dirhamu moja ni kama shilingi 35, na tiketi ya siku moja ya mtu mzima kwenye bustani kubwa hupita dirhamu 300. Zidisheni wenyewe. Chakula cha nje kwa kawaida hakiruhusiwi, isipokuwa cha mtoto mchanga, kwa hiyo kuleni vizuri hotelini asubuhi. Duka la vinyago liko mlangoni pa kutokea kila mchezo mkubwa, na limewekwa hapo kwa makusudi. Tuliwapa watoto pesa zao mkononi siku ya kwanza na kuwaambia zikiisha zimeisha. Mkubwa alizimaliza mchana. Mdogo alizizungusha hadi uwanja wa ndege akanunua chokoleti.

Maagizo ya majirani ya simu na manukato yakataeni mapema, au mpokee na pesa zake taslimu, na muulize shirika la ndege kilo zenu ni ngapi. Siku ya Yas Waterworld isiwe ya mwisho kabla ya safari: nguo za maji za familia nzima zikiwa mbichi zina uzito wa kutosha kukutoza faini kwenye mizani, na ukizifunga mbichi zitafika Malindi zikinuka.