Ramadhani ya baridi Essaouira: nenda, ila mchana lala

Kila nikitupia picha za Essaouira mtandaoni naulizwa yaleyale, sasa Ramadhani huko Moroko utakula wapi, na baridi yote hiyo bichi utaenda kufanya nini. Ngoja niyaandike yote hapa, maana kujibu mmojammoja inbox nimechoka.

Bichi sahau kabisa. Maji ya Atlantiki wakati wa baridi si ya mtu aliyezoea kuoga Pangani, utaingiza mguu utautoa mbio. Watu utakaowakuta majini ni wale wa kuteleza na mawimbi, wamevaa maguo ya mpira hadi kisogoni. Kinachokupeleka kule kipindi hiki ni usiku, na ukishalikubali hilo safari nzima inanyooka, ukilikataa utazunguka mji uliofungwa halafu urudi kulalamika kwamba Essaouira hamna kitu.

Kwa wasioujua, ni mji mdogo, kama kilomita 180 hivi magharibi ya Marrakech, una kuta za mawe na mizinga imeelekezwa baharini, na bandari ya wavuvi imejaa boti za buluu. Aliyeujenga ni Sultani Mohammed wa Tatu miaka ya 1760, zamani ukiitwa Mogador, na UNESCO waliuingiza kwenye urithi wa dunia 2001, mwaka uleule na Lamu. Mtu wa Lamu au wa Mji Mkongwe akiingia mle ndani hatashangaa sana, vichochoro vipo, milango ya nakshi ipo, na paka ndo usiseme.

Halafu hii ya Ramadhani kuangukia baridi si jambo la kila siku. Inarudi nyuma siku kumi na kidogo kila mwaka, 2026 ilianza Februari, 2027 Februari tena, 2028 mwishoni mwa Januari, na 2030 zitakuwa mbili ndani ya mwaka mmoja, moja Januari na nyingine inaanza mwishoni mwa Desemba. Kwa hiyo miaka hii ndo ya kwenda. Saumu yenyewe nyepesi, unafunga kwa muda wa saa kumi na mbili na kitu, hufikishi hata saumu ya Tanga, na jua la kukukausha koo hamna. Sisi tuliofunga Ulaya mwezi wa Juni tunajua kushukuru.

Kabla hujakata tiketi, jua habari ya saa. Moroko tangu 2018 wanatembea saa moja mbele ya GMT mwaka mzima, ila Ramadhani ikikaribia wanarudisha nyuma saa moja, na ikiisha wanapeleka mbele tena. Sasa simu nyingine zinajirekebisha zenyewe na nyingine hazijui chochote, na ukiwa na basi la asubuhi au ndege siku ya Jumapili ya mabadiliko unaweza kujikuta uko stendi peke yako. Ukifika muulize mwenye nyumba saa ngapi sasa hivi, usione haya. Na kuandama kwa mwezi inatangaza Wizara ya Habous, yaani ya wakfu na mambo ya dini, nchi nzima inafuata tangazo moja, yale mabishano yetu ya mwezi wa Saudia na mwezi wa kuonekana hapa nyumbani kule sikuyasikia (raha iliyoje).

Baridi sasa. Watu wanasikia Afrika wanabeba fulana. Mchana jua likitoka unafika nyuzi 18 hata 20 unajiona mjanja, usiku inashuka hadi kumi hivi, na tatizo hata si nje, ni ndani. Nyumba za medina, yaani mji wa kale ndani ya kuta, hizi wanazoziita riad, ni za mawe na katikati zina uwazi usio na paa, zimejengwa kuleta ubaridi siyo joto, halafu bahari iko palepale kwa hiyo shuka zinakuwa na unyevunyevu. Unaamka kula daku unatoa moshi mdomoni chumbani kwako mwenyewe. Kabla hujalipia chumba uliza mambo matatu tu, kuna hita, hita inaruhusiwa kuwashwa usiku kucha, na chumba kiko ghorofa ya juu ambako jua linafika. Kile cha chini chenye picha nzuri kuliko vyote mwachie mwingine. Beba soksi nzito na koti la mvua, na ukipenda nunua jelaba ya sufu sokoni, ile ina kofia na unaswalia humohumo. Upepo wa Essaouira unajulikana dunia nzima lakini ule mkali hasa ni wa kiangazi, wakati wa baridi unapungua, kinachokusumbua ni mvua na mawimbi. Bahari ikichafuka boti hazitoki, na boti zisipotoka hakuna samaki, basi siku hiyo usimlaumu mpishi.

Twende kwenye siku yenyewe. Asubuhi mji umekufa. Kabisa. Saa nne maduka ndo yanafunguliwa moja moja, mafundi wa mbao za thuya, mti wa hukohuko, wanaanza kufagia vibanda vyao chini ya ukuta. Mbao ile hunukia kichochoro kizima, simama tu uwaangalie wanavyopiga msasa, huo muda hawana wateja na wanapenda kuongea. Ofisi za serikali zinafunga saa tisa, na sehemu za kutembelea nazo usizitegemee jioni, kwa hiyo ngome na Bayt Dakira, ile nyumba ya kumbukumbu za Wayahudi wa mji, nenda kabla ya adhuhuri. Ukimaliza rudi ulale. Nasema kweli, lala, wenyeji wenyewe ndo wanavyofanya.

Kwa asiyefunga: rafiki yangu niliyekwenda naye ni Mkristo wa Moshi, alikula mchana kila siku na hakuna aliyemsumbua. Mikahawa ya watalii inabaki wazi, siyo yote ila ya kutosha. Kinachotakiwa ni staha, kula ndani, usitembee barabarani na chupa ya maji na mkate mdomoni, na sigara ndo kabisa, maana mvuta sigara aliyefunga tangu alfajiri ukimpulizia moshi unamtafutia dhambi. Kuna sheria ya kumwadhibu Mwislamu anayekula hadharani, mgeni asiye Mwislamu haimhusu, lakini sisi weusi wenye majina ya Kiislamu hakuna haja ya kujaribu. Pombe hesabu haipo. Misikitini naye hakuingia, Moroko wasio Waislamu hawaruhusiwi isipokuwa ule mkubwa wa Hassan wa Pili, Casablanca.

Saa kumi jioni mji unafufuka, na hapa ndo usipitwe. Nenda barabara ile ndefu ya medina inayokwenda hadi lango la Bab Doukkala. Kina mama wamekaa na mabati yao ya moto wanachoma msemen, chapati ya mraba iliyokunjwakunjwa, mikono imejaa mafuta na hawainui hata uso, wanachukua donge, wanalitandaza kwa vidole mpaka unaona meza kwa chini, kunja huku, kunja kule, bwaga kwenye bati. Pembeni chebakia, vitamu vya unga vya kukaanga, zimepangwa mlima, zimelowa asali na ufuta, nyuki wanazizunguka na muuzaji wala hashughuliki nao. Watu wanasukumana, hasira ziko karibu, wenyewe wanamwita mtu wa hivyo mramden, yaani Ramadhani imempanda kichwani, amekosa kahawa na sigara. Ukiona wawili wanagombea foleni pita zako, wakishafuturu watapatana. Na usibishane bei saa hii, bei bishania saa nne usiku mtu akiwa ameshiba.

Halafu dakika kama kumi kabla ya magharibi, mnamo saa kumi na mbili na nusu ikiwa ni mwisho wa Februari, kila mtu anapotea. Taksi hupati. Duka hupati. Kwa hiyo futari ipange mapema, ama mwambie mwenye nyumba asubuhi kwamba utafuturu hapo, ama kaa kwenye mkahawa wa wenyeji nusu saa kabla, maana wakishaanza kula hakuna wa kukuhudumia, mpishi naye amefunga. Ukikaa hapo utaletewa seti nzima bila kuuliza: tende, maziwa, yai la kuchemsha na bizari nyembamba na chumvi, bakuli la harira ambayo ni supu nzito ya nyanya, adesi na dengu zile kubwa za mviringo, halafu chebakia, msemen na chai ya nana. Sisi watu wa uji wa pilipili manga na viazi vya nazi siku ya kwanza tunasema hii tu? Subiri. Chebakia inaliwa pamoja na harira, tamu na chumvi kinywani mara moja, siku ya pili utaiulizia mwenyewe. Na usishibe sana, chakula chenyewe hasa, samaki na tajini, ule mchuzi wa kupikwa taratibu kwenye chungu, kinakuja usiku baada ya tarawehe.

Kwa wanaoswali, tayarisha akili kidogo. Kule madhehebu ni ya Malik, sisi tumezoea ya Shafii. Wengi wanaacha mikono chini, Kur'ani inasomwa kwa kisomo cha Warsh, siyo kile cha Hafs tulichozoea, kwa hiyo aya unayoijua kwa moyo utaisikia ina vituo na matamshi mengine, na imamu anatoa salamu moja, wewe unasubiri ya pili wenzako washaanza kunyanyuka. Tarawehe misikiti mingi wanaigawa, nyingine baada ya isha, nyingine kabla ya alfajiri.

Baada ya hapo ndo mji wenyewe. Saa nne usiku watoto wako barabarani wanapiga mpira, maduka yote wazi, wazee wamejaa uwanja wa Moulay Hassan na chai, familia nzima zinatembea tu hazina pa kwenda. Utaulizwa Sénégal? kila hatua tatu, ukisema Tanzania wengine watataja mpira na wengine watanyamaza wakifikiria. Muziki wa Gnawa, ngoma za pepo za kule, ule uliowafanya wengi waujue huu mji, sherehe zake za usiku usizitafute mwezi huu, zinafanyika Shaabani na Ramadhani zinasimama, wanasema majini yamefungwa. Mtu wa pwani hilo halihitaji kuelezwa, na sisi ngoma tunaziaga kwenye vunja jungu. Ukitaka kuzisikia, fika wiki mbili kabla ya mwezi kuandama.

Ya mwisho mwisho. Kutoka Marrakech basi ni kama saa tatu, panda la asubuhi, la jioni litakukuta njiani magharibi na futari yako itakuwa tende mbili na dereva mwenye haraka. Njiani utaona mbuzi wamesimama juu ya mti wa argan, kupanda wanapanda kweli lakini hao wa barabarani wengi wamewekwa, ukipiga picha utadaiwa hela. Dirhamu haitoki nje ya nchi hivyo utabadilisha hukohuko, euro moja inakupa kumi na kidogo. Na kama utabaki hadi Idi, toa hela kwenye ATM siku mbili kabla na nunua mkate wa akiba, sikukuu yenyewe watu wako majumbani kwao na maduka mengi yanafungwa hata siku ya pili, mabasi nayo yamejaa wanaorudi kwao, tiketi ya kuondoka ikate kabla hata hujafika.