Maseno, Masinde Muliro, Moi au Egerton: linganisha kozi, majina yaache

Matokeo ya KCSE, mtihani wa kidato cha nne, yakishatoka na tovuti ya KUCCPS, shirika la serikali linalowapangia wanafunzi vyuo, ikafunguliwa, huku kwetu magharibi mwa Kenya ubishi hurudi pale pale. Aliyepitia Maseno hawezi kusikia Masinde Muliro kikisifiwa akanyamaza. Watu wa Eldoret watakuambia Moi ndicho chuo mama, na hapo wana haki, maana Maseno na Masinde Muliro vyote viliwahi kuwa vyuo vishiriki vya Moi. Ukifika Nakuru utakumbushwa kwamba pale Egerton, Njoro, ukulima ulikuwa ukifundishwa tangu 1939, hao wengine hata hawajafikiriwa. Ni ushabiki wa Gor na Ingwe mtupu, na kama ule wa mpira, anayepiga kelele zaidi mara nyingi hachezi.

Mimi nina saiba, duka la intaneti, hapa Kisumu, si mbali na stendi, na msimu wa KUCCPS ndio msimu wangu. Wazazi huja kutoka Ahero, Luanda, Siaya, hata Nandi Hills, mtoto akiwa na karatasi ya matokeo mkononi na mzazi akiwa na jina la chuo kichwani. Nimeketi katikati yao vya kutosha kujua maswali yanayosaidia na yale ya kupoteza muda. "Chuo gani ni bora?" ni la kupoteza muda.

Tuanze na zile orodha za ubora, kwa sababu ndizo huletwa kwangu zikiwa picha za WhatsApp. Inayosambazwa sana ni ya Webometrics, ambayo kwa miaka mingi imekuwa ikitolewa na watafiti wa Uhispania kila Januari na Julai. Watu huisoma kama matokeo ya mtihani: nani wa kwanza, nani kashika mkia. Lakini nusu nzima ya alama zake hutoka kwa tovuti nyingine duniani zinazoelekeza wasomaji kwenye tovuti ya chuo. Asilimia 40 ni za makala za utafiti zinazonukuliwa sana, na 10 zilizobaki zinahusu jinsi watafiti wakubwa wa chuo hicho wanavyonukuliwa. Hakuna anapoulizwa mtu kama mhadhiri huingia darasani, wala kama maabara ina gesi. Orodha za Times Higher Education na QS hupima mambo mengi zaidi, ila hata huko utafiti na sifa ndivyo vyenye uzito.

Kwa hiyo kwa sehemu kubwa kinachopimwa ni umri. Moi kilianzishwa 1984, Egerton kikawa chuo kikuu kamili 1987, Maseno 2001, Masinde Muliro 2007. Jaramogi Oginga Odinga cha Bondo kilipata hati ya chuo kikuu kamili 2013, Kibabii 2015, Rongo 2016, na Alupe na Kaimosi ni wa juzi tu, 2022. Chuo chenye maprofesa waliokuwa wakiandika tangu miaka ya themanini kitakosaje kukishinda chenye umri wa mtoto wa chekechea? Ukitafuta mahali pa kusomea uzamifu, itazame orodha kwa makini. Ukitafuta shahada ya kwanza ya ualimu, ifute hiyo picha upate nafasi kwenye simu.

Linalowachanganya watu zaidi ni pointi za kuingilia. Mzazi akiona kozi moja ilifungwa kwa pointi 36 chuo hiki na 31 chuo kile, anahitimisha kwamba cha 36 kinafundisha vizuri. Sivyo. Hiyo 36 ni pointi za mwanafunzi wa mwisho kuingia mwaka ule. Hakuna kamati iliyoketi ikasema sisi ni wa 36. Kozi ikiwa na nafasi chache na waombaji wengi, pointi hupanda. Chuo kikiongeza madarasa, hushuka, na mwalimu ni yule yule. Vyuo vya Nairobi huwa na pointi za juu katika kozi nyingi kwa sababu kila mtoto anataka kuishi Nairobi. Sababu hiyo haina uhusiano wowote na ubao.

Tena hizo unazoziona ni za mwaka uliopita, na nchi hii mitihani hubadilika kama hali ya hewa ya Kericho. Mwaka 2016 waliopata A nchi nzima walikuwa 141 tu. Katika KCSE ya 2024, waliopata C+ na kuendelea, yaani gredi ya kuingilia chuo kikuu, walifika 246,391. Mawimbi kama hayo yakipita, pointi za kozi haziwezi kukaa mahali pamoja. Zichukue kama dalili. Ukiwa umezipita kwa pointi mbili au tatu, pumua. Ukiwa umelingana nazo, weka kozi hiyo lakini usiifanye tegemeo lako la pekee. Ukiwa chini kwa pointi nne, hilo chaguo unalichoma.

Na pointi zenyewe, wengi hawajui zinatoka wapi. Kanuni ambayo walimu wamezoea kuitumia ni hii: chukua jumla ya pointi za masomo manne ya klasta, yaani yale ambayo kozi inayaangalia, ugawanye kwa 48, zidisha kwa jumla ya pointi za masomo yako saba iliyogawanywa kwa 84, tafuta kipeo cha pili cha jibu, kisha zidisha kwa 48. Chukulia wanafunzi wawili, wote wana jumla ya 60, yaani B kamili. Wa kwanza ana 40 katika masomo manne ya klasta. Wa pili ana 34, pointi zake nyingine ziko kwenye masomo ambayo kozi haiyahitaji. Wa kwanza anapata kama 37.0, wa pili 34.1. Gredi ni moja, shule huenda ni moja, lakini mmoja anaingia na mwingine anabaki nje. Ndiyo maana nikiulizwa "na B anaweza kuingia Maseno?" huwa sijibu hadi nione karatasi. KUCCPS wenyewe hukuonyesha pointi zako za kila klasta ukishaingia kwenye akaunti yako. Tumia hizo, usibishane na hesabu ya binamu.

Kuna mzee mmoja wa Luanda alikuja na bintiye. Mzee alishaamua: Maseno, Masinde Muliro hataki kusikia. Binti alitaka ualimu wa Hesabu na Kemia. Tukaingiza kozi, tovuti ikakataa. Mzee akaniangalia kwa jicho la shaka. "Kijana wangu, hiyo mashine yako haijui Maseno?" Nikaomba karatasi ya matokeo, nikashuka nayo kwa kidole. Hesabu C+, Biolojia B-, Kemia C. "Mzee wangu, mashine inaijua Maseno. Kemia ndiyo haimjui binti." TSC, tume ya walimu, husajili mwalimu wa sekondari akiwa na wastani wa C+ na angalau C+ katika masomo yake mawili ya kufundishia, na hiyo C haibadiliki kwa kuhama kutoka Maseno kwenda Masinde Muliro kule Kakamega. Walikaa pale kwenye benchi wakiongea Kiluhya kwa sauti ya chini, kisha binti akarudi: Hesabu na Biolojia. Kutoka hapo, suala la chuo kipi lilichukua dakika chache, na mzee akakubali vyote viwili viwekwe.

Kwa hiyo swali la kwanza ni kama kozi hiyo itakupeleka kazini. Uhandisi una Bodi ya Wahandisi wa Kenya, uuguzi una baraza lake, udaktari lake, sheria lake. Chuo kinaweza kuwa kizuri, kina hati, kina bustani nzuri, na kozi moja ndani yake ikawa bado haijatambuliwa na bodi ya taaluma. Utamaliza, utavaa joho, utapigwa picha na shangazi zako wote, kisha bodi ikatae kukusajili. Orodha za kozi zinazotambuliwa huwekwa na bodi zenyewe. Angalia huko, usitosheke na kipeperushi cha chuo.

Swali linalofuata ni mahali pa kufanyia kazi kwa mikono. Udaktari wa Moi unasomewa kando ya Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi, na chuo hicho kimejijengea jina kwa kuwafundisha wanafunzi wakichambua visa vya wagonjwa kwa vikundi na kuwapeleka mashinani. Wa Maseno huzunguka wodi za hospitali ya Jaramogi hapa Kisumu, ile ambayo wenyeji bado tunaiita Rasha. Egerton hutumia hospitali ya rufaa pale Nakuru mjini, na kwa kilimo sidhani kama kuna wa kukisogelea ukanda huu, kina mashamba yake. Moi kina uhandisi wa nguo na kiwanda cha Rivatex ambacho kilikichukua 2007. Masinde Muliro ni wa zamani katika masomo ya kukabiliana na majanga. Ukiviweka vyuo hivi kwenye mstari mmoja, cha kwanza hadi cha mwisho, unapoteza habari hizi zote, na hizi ndizo habari.

Pesa nayo. Tangu mfumo mpya wa ufadhili uanze 2023, familia hupangwa kwa mafungu kulingana na uwezo, na mchango wa nyumbani unategemea gharama ya kozi. Mfumo wenyewe umeburutwa mahakamani na haujatulia, lakini gharama ya kozi bado huonyeshwa kwenye tovuti, na kozi zenye jina moja hazilingani bei kila chuo. Linganisha hapo kabla ya kubonyeza. Ongeza kodi ya chumba, kwa sababu vitanda vya ndani havitoshi mahali popote, na wengi huishia Lurambi kule Kakamega, Njokerio kule Njoro, au vijumba vya kuzunguka Maseno. Anayelala kwao Luanda na kwenda darasani kwa matatu ameshaokoa nusu ya vita.

Halafu kuna mambo ambayo hakuna orodha itakayokuambia. Mimi nilisoma katika mojawapo ya vyuo vya umma vya huku, sikitaji. Tulipofika mwaka wa mwisho, alama za mitihani ya mwaka wa pili zilikuwa hazionekani, na mhadhiri aliyezisahihisha alishahamia kaunti nyingine. Wenzangu walihudhuria mahafali wakiwa watazamaji. Mgomo wa kitaifa wa wahadhiri kati ya Septemba na Novemba 2025 uliwagusa wote, wa juu na wa chini kwenye orodha, kwa hivyo hilo halikusaidii kuchagua. Alama kupotea, hapana: hilo hutofautiana kati ya chuo na chuo, na hata kati ya idara na idara. Mtafute mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa kozi hiyo hiyo. Muulize transkripti ya mwaka wa kwanza alipewa lini. Akicheka, umepata jibu.

Ya kiofisi sasa, haraka. Njoo na namba ya mtihani wa KCSE pamoja na namba ya cheti cha kuzaliwa au ya KCPE, mtihani wa darasa la nane, iliyotumika kusajili. Bila hiyo akaunti haifunguki mara ya kwanza, na nimeona watu wakirudi hadi Usenge kuitafuta kwenye sanduku la mama. Jaza machaguo yote, usiache nafasi wazi kwa sababu ya kiburi. Kozi unayoipenda kweli itangulie, hata ikiwa katika chuo ambacho mjomba hakipendi, na chini kabisa weka ambayo pointi zako zimeipita kwa mbali. Usisubiri usiku wa mwisho, tovuti hulemewa. Na ukiitwa chuo usichokitaka, kuna dirisha la kuomba uhamisho kupitia KUCCPS hiyo hiyo. Utahamishwa ikiwa pointi zako zinafika zile za kozi unayoiendea mwaka huo na kama nafasi ipo. Kabla ya kulipia ombi hilo, piga simu ofisi ya usajili ya chuo unachokwenda uulize kama nafasi ipo kweli.