Madarasa yetu yanafaa kuwa kimbilio?

SWALI: Tangu kimbunga Hidaya kipige Mafia Mei 2024, kamati yetu ya kijiji inataka madarasa manne ya shule yawe kimbilio. Tuanze na nini? – Msomaji, Kilwa

JIBU: Kama maji ya bahari huwa yanafika uwanjani, tafuteni jengo jingine. Kama hayafiki, anzeni na paa, kabla ya magodoro na jenereta. Upepo mkali hulivuta paa juu, na msumari laini huchomoka. Fungeni kila papi (mbao inayoshika bati) kwenye kenchi (fremu ya mbao inayobeba paa), na kila kenchi kwenye linta ya zege, kwa mikanda ya chuma. Paa la baraza lijengwe peke yake, ili liking'oka lisiondoke na la darasa.

Viwango vya Sphere, vya kimataifa vya misaada ya dharura, vinataka mita za mraba 3.5 kwa mtu. Darasa la mita 6 kwa 9 ni watu 15 tu, manne, 60. Vyoo visipungue vitatu. Maji ni lita 15 kwa mtu kwa siku. Siku tatu ni lita 2,700. Jazeni tangi mapema, kwani visima vya pwani huingia chumvi.

Funguo je? Wapeni watu wawili wanaoishi jirani na shule. Kimbunga kinaweza kuja mwalimu mkuu akiwa likizo.