Barabara ya kata inajengwa: wananchi waangalie nini?

Mleta mada ameeleza kwamba barabara ya kata yao imeanza kujengwa, sehemu kubwa kwa changarawe na kipande cha mlimani kwa lami, na kwamba amechaguliwa kwenye kamati ya wananchi ya kufuatilia kazi hiyo. Ameuliza aangalie nini ili ajue kama kazi inafanywa kwa ubora. Wachangiaji walionitangulia wengi wamemwambia kwamba kila kitu ni rushwa na hivyo asijisumbue. Sikatai kwamba rushwa ipo. Hata hivyo, nimefanya kazi za barabara kwa miaka 18, kwanza nikiwa fundi sanifu wa maabara ya udongo na baadaye mhandisi msimamizi, na barabara nyingi mbovu nilizozifahamu kwa karibu ziliharibiwa na jambo la kawaida zaidi ya hilo, yaani tabaka lililofunikwa kabla ya kupimwa, au maji ambayo hakuna aliyejishughulisha kujua yanapita wapi.

Barabara hujengwa kwa matabaka, na kila tabaka likishafunikwa hakuna atakayeliona tena mpaka siku litakapotitia. Ndiyo maana zile saa chache kati ya rola kumaliza kushindilia na tipa la kwanza kumwaga kifusi cha tabaka la juu zina uzito kuliko kikao chochote cha mradi. Hapo fundi wa maabara huchimba kishimo chenye upana wa kama sentimita 15, hupima uzito wa udongo uliotoka, hujaza kishimo hicho kwa mchanga maalumu ili kupata ujazo wake, kisha, baada ya kuondoa uzito wa maji, hulinganisha jibu lake na uzito wa juu kabisa ambao udongo huohuo, kwa ujazo sawa, ulifikia maabara. Mkataba ukitaka 95% ya uzito huo wa maabara, basi 94% haijafikia. Maji nayo yana kiasi chake: udongo mkavu mno haushikamani hata rola ipite mara 20, na uliolowa mno hubonyea na kuinuka chini ya rola kama godoro. Mleta mada hana maabara, lakini ana mkono. Achukue udongo unaotandazwa aubane kwenye kiganja. Ukimwagika kama unga, boza la maji halijafanya kazi yake, na ukiacha tope kwenye vidole, umezidi maji. Si kipimo cha kumshtakia mtu, ila kinatosha kumpa mtu sababu ya kuuliza swali.

Nilijifunza thamani ya saa hizo katika wilaya moja ya Mkoa wa Morogoro, nikiwa bado kijana wa maabara. Jioni tulichimba vishimo vitatu kwenye tabaka moja; viwili vikafaulu na cha tatu kikatoa 89%. Asubuhi tulipofika, kifusi cha tabaka la juu kilikuwa kimekwisha kutandazwa usiku, na msimamizi wa mkandarasi akatupokea kwa bashasha na chai ya maziwa. Mhandisi mkazi wetu, mama wa makamo ambaye sijawahi kumsikia akipaza sauti, hakuigusa chai. Aliuliza tu, "Karatasi ya kipimo cha kurudia iko wapi?" Yule bwana akajibu, "Mama, ni mita 120 tu, na mvua inakuja." Mama akarudia swali lilelile, akafungua kitabu cha saiti, akaandika agizo la kufumua, akaweka saa na sahihi, akampa aisome na atie sahihi yake. Greda lilifumua mita zote 120. Chini yake tuliukuta udongo mkavu unaotimka vumbi, na baadaye dereva wa boza akatuambia kwamba pampu yake ilikuwa imeharibika tangu mchana wa siku ile. Mkandarasi aliandika barua ya kulalamika kwamba anacheleweshwa, na mama yule akajibu kwa ukurasa mmoja wenye tarehe, vipimo na sahihi ya msimamizi yuleyule. Barua ya pili haikuja.

Kwa hiyo ombi la kwanza la kamati lisiwe kuoneshwa fedha zilizotumika, ingawa ni haki yao. Waombe kuona kitabu cha saiti na karatasi za vipimo. Saiti isiyo na karatasi hizo ina tatizo hata kama rola linanguruma kutwa nzima.

Sasa niseme kosa langu mwenyewe, kwa sababu ndilo lililonifundisha kuhusu maji. Miaka kadhaa baadaye nilikuwa msimamizi wa barabara ya changarawe inayokatiza bonde la udongo mweusi wa mbuga. Mchoro ulionesha kalavati moja, yaani njia ya maji chini ya barabara, la bomba lenye kipenyo cha milimita 600. Tulipokuwa tunachimba, mzee mmoja aliyekuwa akichunga mbuzi alisogea, nikamwamkia, akaitikia, akasema, "Mwanangu, masika maji hayapiti hapa. Yanapita kule kwenye mikwaju." Nikamwambia, "Tutaangalia, mzee." Sikwenda kuangalia. Kubadili mchoro kulihitaji barua na idhini, mitambo ilikuwa inasubiri, nami nilikuwa na haraka ya kuonesha kwamba nafahamu kazi.

Aprili iliyofuata maji yalikuja kwenye mikwaju. Yalipoikosa njia yalifuata ubavu wa tuta, yakala bega la barabara, kisha yakalikata tuta lenyewe, na kwa siku mbili wanafunzi hawakuvuka. Nilipomrudia mzee kumwomba radhi hakunisema neno. Alinipeleka tu chini ya mkwaju akanionesha nyasi kavu na vijiti vilivyonasa kwenye panda ya tawi, usawa wa kifua changu. Alama ile ilikuwepo siku zote, mita 60 kutoka niliposimama na mchoro wangu. Tuliweka pale mabomba mawili ya milimita 900, kila moja likiwa na nafasi ya kupitisha maji zaidi ya mara mbili ya lile la 600, tukasakafia kwa mawe mahali maji yanapotokea ili yasichimbe. Gharama ya marekebisho ilizidi mno ile ambayo tungeitumia tangu mwanzo.

Wahandisi tunaposema kalavati limesanifiwa kwa mvua ya miaka 25, wananchi wengi huelewa kwamba mvua hiyo itakuja baada ya miaka 25. Maana yake ni kwamba kila mwaka ina nafasi 4 katika 100 ya kunyesha, na ukifanya hesabu, nafasi ya kuiona angalau mara moja ndani ya miaka hiyo 25 ni kama 64 katika 100. Inaweza kuja mwaka wa kwanza. Mei 2024, kipindi cha Kimbunga Hidaya, hata barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Lindi ilikatika eneo la Somanga, kwa hiyo barabara ya kata isidhaniwe kuwa ni salama kwa sababu tu ni mpya.

Kuhusu zege la makalavati nitasema kwa ufupi. Fundi akionekana anaongeza ndoo ya maji ili zege lilainike, kamati iulize papo hapo, kwani maji hayo hupunguza nguvu yake. Na iulize pia vile vipande vya majaribio vya milimita 150 vinavyotakiwa kuvunjwa maabara siku ya 7 na ya 28 viko wapi. Na barabara ikikamilika, malori ya mchanga yaangaliwe. Uharibifu hukua takriban kwa kipeo cha nne cha uzito wa ekseli, yaani uzito ukiongezeka mara 1.2, uharibifu huongezeka kwa 1.2 × 1.2 × 1.2 × 1.2, hivyo ekseli ya tani 12 huumiza barabara karibu mara mbili ya ile ya tani 10. Kata haina mizani, ila ina ofisi ya mtendaji na inajua malori ni ya nani.

Mleta mada aulize pia tarehe ya kuisha kwa kipindi cha matazamio, ambacho mara nyingi ni mwaka mmoja na ambacho ndani yake mkandarasi hurekebisha kasoro zake kwa gharama zake. Masika yakianza kabla ya tarehe hiyo, kamati ivae viatu vya mvua ikasimame kwenye kila kalavati mvua ikiwa inanyesha, ipige picha mahali maji yanapotuama na yanapochimba, na iandike barua kwa meneja wa wilaya wa TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, huku nakala yake ikigongwa muhuri wa kupokelewa.