Theluji ya jukwaani bila mashine: jibu kwa mwalimu wa Moshi

Mwalimu, shikamoo kama umenizidi umri. Kama ni rika langu, mambo. Umeuliza theluji mtaipata wapi bila mashine, maana darasa la nne wanataka kuigiza hadithi ya Frau Holle kabla ya kufunga shule Desemba. Ukauliza pia kama watoto wa Moshi wataelewa hadithi ya baridi. Mimi ni fundi wa jukwaa kwenye ukumbi mmoja wa tamthilia huku Ujerumani, huu ni msimu wa sita, na hadithi hiyo nimeihudumia misimu miwili.

Kwa wasioijua: ndugu wawili Grimm wa Ujerumani waliichapa mwaka 1812. Binti anayeteswa na mama wa kambo anadondosha kijiti chake cha kusokotea nyuzi kisimani, anaamriwa akifuate, anaruka. Chini anakuta konde lenye jua, mikate inayolia itolewe tanuri isiungue, mtofaa unaoomba utikiswe, halafu nyumba ya bibi mwenye meno makubwa, ndiye Frau Holle. Kazi yake kwa bibi ni kukung'uta matandiko kila siku mpaka manyoya yapeperuke, na yakipeperuka, huku duniani theluji inaanguka. Anarudi kwao amefunikwa dhahabu, jogoo anawika. Dada yake mvivu naye anatumwa, anaambulia lami.

Sasa angalia: theluji ya hadithi hii ni kazi ya mikono. Ndiyo maana wasiwasi wako wa baridi mimi sina. Mtoto wa Moshi aliyewahi kuamshwa alfajiri atandike kitanda ameshaielewa. Wala theluji si ngeni kwao kihivyo, asubuhi mawingu yakifunguka si wanaiona Kibo, kileleni mwa Kilimanjaro?

Kosa letu la mwaka wa kwanza lilikuwa kumwaga theluji kila mahali, mwanzo, katikati, mwisho. Kufika sehemu ya tatu ya mchezo watoto hawaitazami tena. Mwaka wa pili tukaifungia chumba cha bibi peke yake. Binti anakung'uta, inaanguka. Dada mvivu anajilaza juu ya godoro, haianguki hata chembe. Ukumbi wa watoto zaidi ya mia sita ukanyamaza wakitazama juu, halafu mmoja akapiga kelele, "Kung'uta wewe!" Basi wakapokezana wote. Waigizaji wakasubiri karibu dakika nzima.

Vifaa. Kwenye mazoezi ya mwisho, yale ya kuvaa mavazi ya jukwaani, tulijaribu manyoya halisi kwenye foronya, usirudie. Joto la taa linayanyanyua, yanaelea hewani, yanakuja kutua kwenye sehemu nyingine kabisa ya mchezo, kule kwenye konde la jua kali. Bibi akapiga chafya katikati ya maneno yake. Pamba na chembe za plastiki nyepesi ya povu pia achana nazo, zinashika moto upesi, na hiyo plastiki inang'ang'ania nguo na nywele. Hapa kila kinachoning'inia jukwaani lazima kiwe kimetiwa dawa ya kuzuia moto, na onyesho likiendelea kuna askari wa zimamoto pembeni. Nyinyi mtakuwa na karatasi ya kawaida, kwa hiyo mishumaa isikaribie, na taa zinazopata joto ziwe mbali.

Tunachotumia ni kitambaa kirefu kinachovuka jukwaa, kimening'inizwa kama machela kati ya mabomba mawili. Upande mmoja una matundu. Bomba moja limefungwa imara, la pili linapandishwa na kushushwa kwa kamba. Ukivuta taratibu inanyesha taratibu, ukitikisa inakuwa dhoruba. Kwako shuka mbili zilizoshonwa pamoja na mianzi miwili vinatosha. Funga kwa kamba nzima, na fundi mtu mzima aikague, maana kitakuwa juu ya vichwa vya watoto. Karatasi iwe ile laini nyeupe, vipande vya sentimita 2 hivi kwa 2. Vikiwa vidogo kuliko hapo vinaonekana vumbi. Matundu yawe makubwa kidogo tu kuliko kipande.

Taa ndizo zitakazokuangusha. Theluji ukiimulika kutoka mbele inapotea. Imulike kutoka pembeni, nyuma weka kitambaa cheusi, utashangaa tochi mbili za nguvu zinavyofanya kazi. Mchana ziba madirisha. Na feni za darini uzime! Ila usifanye giza totoro. Binti alipokuwa akiruka kisimani tulizima kila kitu kwa sekunde nne tu, wadogo wakaangua kilio safu nzima. Tangu siku hiyo tunaacha taa ndogo ya buluu.

Baada ya onyesho mtafagia mtumie tena. Hapa nakiri la kwangu: nilifagia nikarudisha kitambaani bila kuchekecha, kesho yake skrubu ikashuka pamoja na theluji, ikatua hatua moja kutoka kwa binti. Sikulala. Siku hizi napitisha sumaku kwanza, halafu chekecho, kila siku. Maonyesho yetu ni saa tatu na saa tano asubuhi, kwa hiyo katikati ni mbio tupu.

Kuhusu lami, mwongozaji wetu aliona adhabu ni kali, akaweka tope linalooshwa. Watoto wa miaka sita wakalalamika waziwazi kwamba haitoshi. Mimi nipo upande wao. Tumia kitambaa cheusi chenye vipande vya gundi, kimdondokee tu.

Jambo moja zaidi. Huku kikaragosi cha Kasper huwauliza watoto kama wote wapo, nao huitika "Jaaa!" Ni ileile "Hadithi, hadithi!" na "Hadithi njoo!" Anza nayo hiyo, usiogope kwamba hadithi ni ya Wazungu. Na yule jogoo anayewika binti akirudi mpe mtoto mtundu kuliko wote, utapata nafuu mazoezi mazima.

Niandikie dari la ukumbi lina urefu gani na kama lina boriti zinazoonekana, nikuambie kamba upitishe wapi.