Mkunga Anajibu: Ganzi Huombwa Kabla ya Kupanda Kitandani

Miaka yote niliyofanya kazi ya ukunga hapa Dar es Salaam, neno nililolisikia mara nyingi kuliko yote kwenye vyumba vya huduma za wanawake ni "jikaze". Wauguzi tunalisema, mama wanawaambia binti zao, mashoga wanaambiana kwenye foleni. Wiki hii nimeweka pamoja maswali yenu kuhusu maumivu ya vipimo na huduma za kizazi, kwa sababu wengi mnaniandikia mkiwa mmeshatoka huko na machozi yamekauka. Natamani mngeniandikia kabla hamjaenda.

Shikamoo mama mkunga. Nina miaka 27, mtoto wangu mmoja nilimzaa kwa upasuaji. Jumatatu nawekewa kitanzi kwenye kituo cha serikali. Rafiki yangu alipowekewa alizimia. Nimeze nini nisiumie? (Msomaji, Tabata)

Marahaba mwanangu. Kwanza ujue kinachouma ni nini, ndipo utajua dawa ya kuomba. Mhudumu akishafungua njia kwa kile kifaa cha kutanua uke, hushika mlango wa kizazi kwa koleo nyembamba ili usihamehame. Hapo utasikia kubanwa ghafla. Halafu anapitisha kijiti cha kupima kina cha kizazi, na kwa wengi hapa ndipo penye maumivu makali, kama tumbo la chango la siku nzima limekuja kwa pigo moja. Mwisho anaingiza kitanzi chenyewe. Yote hayo huisha ndani ya dakika chache, ila kizazi huendelea kujikaza kwa saa kadhaa, kwa wengine siku mbili tatu.

Mwambie mhudumu kwamba ulizaa kwa upasuaji, usiseme tu "nina mtoto mmoja". Kama hukufikia hatua ya njia kufunguka, mlango wako wa kizazi bado ni kama wa mwanamke ambaye hajazaa, na hao ndio wanaoumia zaidi. Mwambie pia kama hedhi yako huwa inakuuma sana.

Sasa dawa. Wengi huambiwa wameze ibuprofeni, miligramu 400 hadi 800, dakika 30 hadi 60 kabla, wakiwa wamekula. Meza kama huna sababu ya kuikwepa (nimezitaja kwenye jibu la msomaji wa Ukonga hapo chini). Lakini sitakuficha: ibuprofeni hutuliza vizuri mkazo wa baadaye, ila ule wakati wenyewe wa kuingiza kitanzi haikusaidii sana. Kinachosaidia hapo ni ganzi, yaani lidokaini, inayochomwa kuzunguka mlango wa kizazi au inayopakwa au kupulizwa pale. Mwaka 2024 kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani, CDC, kilipotoa upya mwongozo wake wa uzazi wa mpango, kiliandika kwamba ganzi hiyo inaweza kupunguza maumivu ya kuwekewa kitanzi, na kwamba kila mwanamke aelezwe mapema na kushirikishwa kupanga namna ya kutulizwa. Sindano ya ganzi yenyewe inachoma kwa sekunde chache, kisha mnasubiri dakika kadhaa ishike. Ukisikia masikio yanavuma au ladha ya chuma mdomoni, sema hapo hapo.

Si kila kituo huwa kimeiandaa. Ndiyo maana nakuomba usisubiri Jumatatu. Pita Alhamisi au Ijumaa, umwone muuguzi wa uzazi wa mpango, umwulize: "Siku ya kitanzi mnatumia ganzi gani, na dawa ya maumivu mnatoa dakika ngapi kabla?" Swali hilo ukiliuliza ukiwa umeshapanda kitandani na miguu iko juu, umechelewa, na yeye pia amechelewa. Kama hawana, atakwambia mapema, nawe utakuwa na siku tatu za kutafuta kituo kingine. Kitanzi hakina haraka.

Mtu akikwambia ukanunue misoprostoli ulainishe mlango wa kizazi, mwulize kwa nini. Si dawa ya kumpa kila anayewekewa kitanzi, na yenyewe inaleta mkazo wa tumbo.

Na kuhusu rafiki yako: kuguswa kwa mlango wa kizazi kunaweza kushtua mishipa ya fahamu, mapigo ya moyo yakashuka, jasho likatoka, mtu akazimia. Kunywa chai yako asubuhi. Ukimaliza, lala pale kitandani dakika 15 hata kama foleni ni ndefu, na usiteremke ukapanda bodaboda.

Tumeoana miaka mitatu, hatujapata mtoto. Daktari ameniandikia HSG, kipimo cha mirija. Karatasi imeandikwa tarehe na bei tu. Je, kinauma? (M., Kimara)

Ndiyo mdogo wangu, kinaweza kuuma, na ninajua kwa mwili wangu. Nilipimwa mirija miaka mingi iliyopita kwenye hospitali moja ya hapa mjini. Meza ya eksirei ilikuwa baridi, nimekunja kanga yangu na kuiweka chini ya kiuno, na aliyekuwa ameshika bomba akaniambia, "Ni kama hedhi tu." Hakuna aliyeniuliza kama nimemeza kitu. Dawa ilipoanza kuingia nilishika ukingo wa meza kwa mikono yote miwili, nikamsikia akisema, "Usitikisike, picha itaharibika." Nilikuwa mkunga tayari, na bado nilitoka pale nikijiona mimi ndiye dhaifu.

Kipimo chenyewe ni hivi. Mrija mwembamba unapitishwa kwenye mlango wa kizazi, dawa inayoonekana kwenye eksirei inasukumwa, inajaza kizazi, kisha inapita kwenye mirija na kumwagika tumboni. Maumivu huja kizazi kinapojaa, na mrija ulioziba huongeza shinikizo. Wanawake wengine husikia kidogo sana, siwezi kukwambia wewe utakuwa upande gani.

Mwombe daktari aliyekuandikia akuandikie na dawa ya maumivu ya kumeza saa moja kabla. Ukishalala mezani, mwombe anayesukuma dawa asukume polepole na asimame ukimwambia. Hili si la kujidekeza tu. Kizazi kikijikaza kwa maumivu na hofu, mlango wa mrija unaweza kujifunga kwa muda, picha ikaonyesha mrija umeziba kumbe ni mzima. Kwa hiyo utulivu wako ni sehemu ya ubora wa kipimo, na mtaalamu mzuri analijua hilo.

Kipimo hufanyika damu ya hedhi ikishakoma na kabla yai halijapevuka, mara nyingi kati ya siku ya 6 na ya 11 ukihesabu kuanzia siku ya kwanza ya hedhi. Msikutane kimwili tangu hedhi ianze hadi upime, ili kuwe na uhakika huna mimba. Waambie kama una mzio wa dawa za picha, na kama umewahi kuugua maambukizi ya nyonga, maana huenda ukahitaji antibayotiki. Beba pedi, ile dawa hutoka baadaye ikiwa inanata na damu kidogo.

Na mumeo, ameshapima mbegu? Hicho hakimuumizi, na kilipaswa kutangulia.

Nina vidonda vya tumbo. Duka la dawa wameniambia nimeze diklofenaki pamoja na ibuprofeni kabla ya kipimo ili zishike vizuri. (Msomaji, Ukonga)

Usimeze. Hizo mbili ni ndugu wa ukoo mmoja, ukizichanganya unaongeza madhara bila kuongeza nafuu ya maana, na kwa mwenye vidonda zote mbili ni hatari ya kuvuja damu tumboni. Mwenye ugonjwa wa figo, mwenye pumu inayoamshwa na aspirini na anayetumia dawa za kuyeyusha damu nao wazikwepe mpaka daktari aseme. Wewe meza parasetamoli, vidonge viwili vya miligramu 500, na usivuke vidonge vinane kwa saa 24. Kwa kuwa parasetamoli ni nyepesi kwa mkazo wa kizazi, wewe ndiye hasa wa kuomba sindano ya ganzi.

Mke wangu anakwenda kufanyiwa kipimo. Nikienda naye nitafukuzwa? (Baba Neema, Gongo la Mboto)

Baadhi ya vyumba havina pazia na wanawake wengine wapo, hapo utaambiwa usubiri nje, na ni haki yao. Nenda hata hivyo. Mshikie mkoba na simu, na uwe na nauli ya bajaji ya kurudi. Kusimama kwenye daladala hadi Gongo la Mboto tumbo likiwa linakaza ni adhabu. Siku hiyo maji achote mtu mwingine.

Nilipakwa siki kwenye mlango wa kizazi, wakasema kuna sehemu imegeuka nyeupe na nirudi "kuchomwa". Sijalala siku nne. (Mama wa watoto watatu, Mbagala)

Nyeupe hiyo mara nyingi si saratani. Huenda ni alama ya seli zilizoanza kubadilika, na zikiondolewa sasa unazuia saratani isije. "Kuchomwa" wanakokusema mara nyingi ni kifaa chenye kichwa kidogo kinachopata joto la nyuzi 100, kinagusishwa pale kwa sekunde 20 hadi 40 kila mguso. Wengi husikia joto na mkazo wa tumbo, kisha umekwisha. Kwa kawaida hufanyika bila sindano, ila ukiwa na hofu au kipimo cha kwanza kilikuuma, omba ganzi. Ombi lako si la ajabu. Wakikwambia sehemu itakatwa kwa waya wa umeme, hapo ganzi ni lazima, usikubali vinginevyo.

Baadaye utatokwa na majimaji mengi kwa wiki kadhaa. Pumzika tendo la ndoa wiki nne, na rudi kukaguliwa baada ya mwaka. Ukipewa rufaa ya Ocean Road, hospitali ya saratani, usianze kuaga watu. Jina hilo linatisha mjini, lakini wanawake wazima huenda pale kuchunguzwa na kurudi nyumbani.

Nilifanyiwa ukatili nikiwa binti. Nina miaka 33, sijawahi kupima saratani ya mlango wa kizazi. Nikiona kile chuma mwili unakakamaa. (Hakutaka nitaje anakoishi)

Dada yangu, nimeisoma barua yako mara tatu.

Huna deni la kumsimulia mtu yeyote kilichotokea. Sentensi moja inatosha: "Kuguswa huko kunanitia hofu kubwa, naomba uniambie kabla ya kila hatua, na nikiinua mkono usimame." Iseme ukiwa umekaa kwenye kiti na nguo zako, kabla ya kuvua chochote. Omba mhudumu wa kike, omba kifaa cha saizi ndogo, omba kichwa cha kitanda kiinuliwe umwone usoni. Unaweza pia kuomba uingize kile kifaa mwenyewe kwa mkono wako, wapo wanawake ambao hilo limewasaidia. Jifunike kanga yako mwenyewe, si shuka la kituo. Ukiinua mkono akaendelea, vaa nguo uondoke.

Uliza pia kama wana kipimo cha HPV, yaani kirusi kinacholeta saratani ya mlango wa kizazi, ambacho mwanamke hujichukulia sampuli mwenyewe kwa kijiti laini. Hakihitaji chuma.

Siku ikitokea unahitaji jambo kubwa zaidi, hofu yako ni sababu halali ya kuomba dawa ya usingizi au nusu kaputi. Hapo utakaa bila chakula kwa muda wa saa sita na bila maji kwa muda wa saa mbili kabla, na utahitaji mtu wa kukurudisha nyumbani.

Mimba yangu iliharibika, nikasafishwa kizazi bila ganzi yoyote. Nilipolia, muuguzi akasema, "Mbona wakati wa kuitafuta hukulia?" Hii ni kawaida? (Msomaji, Kigamboni)

Hapana. Pole kwa mtoto, na pole kwa maneno hayo. Nimeyasikia yakisemwa kwenye vyumba vyetu, na kila aliyeyasema alikuwa anakosea kazi.

Kusafisha kizazi kwa bomba la kufyonza kunahitaji dawa ya maumivu kabla na ganzi kwenye mlango wa kizazi. Shirika la Afya Duniani linasema hivyo, na lidokaini si dawa ya anasa. Andika kilichotokea, tarehe na saa, umpelekee mganga mfawidhi wa kituo kwa mkono na ubaki na nakala. Kama hali hiyo itajirudia, Mungu apishe mbali, uliza kama unaweza kusubiri itoke yenyewe au kutumia vidonge. Si kila mimba iliyoharibika lazima isafishwe kwa bomba. Na kwenu nyote mliofanyiwa lolote kati ya haya: homa, uchafu wenye harufu mbaya, maumivu yanayozidi badala ya kupungua, au damu inayolowesha pedi nzima kila saa kwa saa mbili mfululizo, rudi hospitali siku hiyo hiyo hata kama ni usiku.

Nataka kitanzi lakini Ramadhani imekaribia. Nitamezaje dawa nikiwa nimefunga? (Bi. S., Magomeni)

Nenda siku za hedhi. Kitanzi huwekwa vizuri tu mtu akiwa kwenye siku zake, tena uhakika kwamba huna mimba unakuwa mkubwa, na siku hizo hufungi, kwa hiyo utakunywa chai na kumeza dawa bila wasiwasi. Ila ujue kitanzi cha shaba huweza kurefusha hedhi miezi ya mwanzo, siku za kulipa zikaongezeka. Hilo likikusumbua, subiri Idi ipite, na mwezi huu tumia kinga nyingine.