Miezi elfu ya Laylatul-Qadr inalipa swala nilizoacha miaka 19?

SWALI: Assalaam alaykum sheikh. Mimi nafanya kazi za ndani huku Muscat. Tangu nna miaka 18 mpaka 37 nilikuwa siswali kabisa, Alhamdulillah sasa nimerudi. Nimetumiwa klipu, ustadhi anasema miezi elfu ya Laylatul-Qadr, ule usiku mtukufu wa Ramadhani, ni miaka 83 na miezi 4, ukiupata usiku huo Makka unazidisha mara laki moja, inakuwa zaidi ya miaka milioni 8 ya ibada, kwa hiyo swala zako zote zimeshalipika. Nataka nikope rial niende umra kumi la mwisho la Ramadhani. Ni kweli?

JIBU: Waalaykumu ssalaam dada yangu, na karibu nyumbani. Nimeyaweka pembeni maswali mengine manake hiyo klipu na mimi nimeletewa, na kinachoniuma imemfikia mtu ambae ndo kwanza karudi kwenye mswala, halafu inampeleka kwenye mkopo.

Kugawa kwa huyo ustadhi hakuna kosa. Miezi elfu kwa 12 ni miaka 83 na miezi 4 ya Hijria, ukiipeleka kwenye kalenda ya ukutani inashuka mpaka kama miaka 80 na miezi 10, kwa sababu mwaka wa mwezi unapungua siku kama 11. Ila aya ya Suratul-Qadr haikusema usiku huu ni sawa na miezi elfu, imesema ni bora kuliko miezi elfu, sasa bora kwa kiasi gani anajua Allah, huyu bwana kaipata wapi namba ya kuzidishia? Na mchezo huu ni wa zamani. Kuna riwaya kwenye kitabu cha hadithi cha Tirmidhi kwamba miezi elfu ndo utawala wa Bani Umayya, ukoo wa watawala ulioanza na Muawiya, mpokezi akasema tumehesabu tukakuta elfu kamili, haizidi siku wala haipungui. Ibn Kathir, mfasiri wa Qur'an, akaikataa: Muawiya kashika mwaka 40 Hijria, Bani Abbas wakauchukua utawala 132, hiyo ni miaka 92, labda watoe miaka 9 ya Ibn Zubayr, mpinzani wao aliyetawala Makka, ndo namba ikubali. Mtu akishaipenda namba ataipindisha mpaka ikae.

Lakini kosa kubwa zaidi ni kugeuza thawabu kuwa risiti ya deni. Imam Nawawi kwenye sherehe yake ya Sahih Muslim kalimaliza hili: ziada ya swala kwenye msikiti wa Mtume ni ya thawabu tu, mtu anadaiwa swala mbili akaswali moja Madina haimtoshelezi kwa zote mbili, na hilo akasema halina khilafu, yaani wanachuoni hawakutofautiana. Qul huwa Llahu nayo ni theluthi ya Qur'an, haya isome mara tatu uache Fatiha uone kama una swala. Na huyo ustadhi mwenyewe akishaupata usiku mmoja ataacha kuswali? Si ana akiba ya miaka milioni 8!

Atasema Mtume kasema atakaeusimamia usiku huo kwa imani na kutaraji malipo atasamehewa madhambi yaliyotangulia. Kweli, iko Bukhari na Muslim, lakini dhambi ya kuacha ni kitu kingine na swala unayodaiwa ni kitu kingine. Aliyelala au kusahau kaambiwa aiswali akikumbuka, hana kafara isipokuwa hiyo, sasa aliyeacha kusudi ndo asamehewe kulipa? Huo ndo msimamo wa madhehebu manne. Ibn Hazm na Ibn Taymiyya wameona aliyeacha kusudi halipi, atubu kweli na azidishe sunna, ni wanachuoni wakubwa siwabezi, ila hata wao hawakusema usiku mmoja umefuta.

Sasa usiogope hesabu yako. Miaka 19 ni kama siku 6,900, na siku za hedhi swala yake hailipwi, kwa hiyo ikiwa yako ni ya siku saba kila mwezi robo imeshaondoka, toa na nifasi, yaani damu ya uzazi, kama umezaa, zinabaki kama 5,200 au pungufu. Kila faradhi ya leo iambatanishe na qadhaa, yaani swala ya kulipa, ya jina lake, Adhuhuri kwa Adhuhuri, utamaliza kwa miaka kama 14, ukiweza mbili mbili ni 7. Daftari dogo tu, unapiga alama. Nilishamuona mama mmoja kaimaliza hivyo hivyo akiuza maandazi. Ukifa njiani ukiwa unalipa, umekufa na toba yako mkononi, na rehema ya Mola wako ni pana.

Na mkopo usichukue. Asiekuwa na uwezo umra haimlazimu, na Laylatul-Qadr inakufikia hapo hapo Muscat, unaosha vyombo vya watu vya futari huku ulimi unasema Allahumma innaka afuwwun tuhibbul-afwa fa'fu annii, ndo dua aliyofundishwa bibi Aisha kwa usiku huo, na hata ukiwa kwenye hedhi unaisoma. Hizo rial kama mama yako yupo nyumbani mtumie yeye, za mshahara lakini, sio za kukopa. Na mwenye nyumba akikubania muda wa faradhi niandikie tena, hilo tutaliongea peke yake.